Injini ya Zamani: Uifufue au Uing'oe?

Mwenye gari la zamani hafiki mbali kabla ya kuuliza hivi: injini imechoka, niifanyie matengenezo makubwa au niing'oe nifunge nyingine? Ukanda wa Kerege, mbele kidogo ya Mapinga ukiwa unaelekea Bagamoyo, swali hili si la watu wenye fedha za kuchezea. Magari ya zamani huku bado yanatafuta riziki. Kuna Land Rover 109 inayobeba mananasi ya Kiwangwa, kuna Peugeot 504 iliyoachwa na marehemu baba, kuna Land Cruiser ya miaka ya themanini ambayo ndiyo pekee inayofika shambani masika yakikolea.

Majibu nayo hayakosekani. Fundi wa jirani atasema, "Mzee, usijisumbue, ng'oa hiyo tufunge ya Hiace, utasahau gereji." Mpenzi wa magari ya kale atasema, "Mzee wangu, ukiing'oa hiyo injini hilo gari umeliua." Wote wawili wametoa hukumu na hakuna aliyepima kitu.

Hoja ya sura hii ni hii. Watu wengi hudhani wanachagua kati ya injini mbovu na injini nzima. Ukweli ni kwamba wanachagua kati ya injini ambayo ubovu wake unapimika, na injini ambayo uzima wake wamesimuliwa tu na muuzaji. Ukiliona jambo hivyo, kazi ya kwanza inakuwa kupima, na fedha zinafuata baadaye.

Njia zilizopo ni tatu

Watu husema "kufufua au kubadili" kana kwamba njia ni mbili. Ziko tatu:

1. Ovahoo. Hii ni kuifungua injini yote, kupima kila sehemu inayosuguana, kuchonga palipolika, kuweka vipuri vipya na kuifunga upya. Bloku, yaani kile chuma kikubwa chenye matundu ya silinda, inabaki ileile.
2. Kubadili kwa injini ya aina ileile. Unatoa injini ya Land Rover, unarudisha ya Land Rover. Kila boliti inarudi palepale.
3. Kufunga injini ya ukoo mwingine. Hapa ndipo Land Rover inapopewa injini ya Toyota au Nissan. Gereji za Tanzania zina uzoefu mrefu wa kazi hii.

Kila njia ina gharama yake iliyojificha. Kabla ya kuzifikia, kuna mahali pa kuanzia ambapo wengi hupasahau.

Anzia chini ya gari

Lala chini ya gari uangalie chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba kila kitu. Kerege ipo karibu na bahari, na upepo wenye chumvi haulali. Bodi ya Land Rover ya zamani ni ya aloi ya alumini, haishiki kutu kama bati la kawaida, na hilo ndilo linalowadanganya wanunuzi: juu gari linapendeza, chini chasisi ya chuma imeoza. Kwenye Peugeot 504 hakuna fremu ya peke yake. Bodi yenyewe ndiyo nguzo, hivyo kutu ikila sakafu na sehemu zinazoshika shokapu, imekula uti wa mgongo wa gari.

Chukua nyundo ndogo ugonge kidogo kidogo, hasa chasisi ya nyuma, viungo vya springi na pembe zinazokusanya mchanga. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hutoa sauti nzito, iliyokufa, na magamba ya kutu yanadondoka. Ukichomeka bisibisi ikazama, umepata jibu. Kufunga injini nzuri kwenye chasisi ya namna hiyo ni kuezeka bati jipya juu ya nguzo zilizoliwa na mchwa. Fedha ziende kwanza kwa mchomeleaji.

*Kwa ufupi: chasisi kwanza. Ikiwa imeoza na huna uwezo wa kuitengeneza, swali la injini limekwisha.*

Je, injini imechoka kweli?

Injini nyingi huhukumiwa kwa makosa ya vitu vinavyoizunguka. Gari linalochemsha kila likifika Bunju huenda lina rejeta iliyoziba tu. Ukanda huu maji ya visima vingi yana chumvi, na mwenye gari anayejaza rejeta kwa maji ya kisima huotesha magamba ndani ya njia za maji, huku chumvi ikila hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, hasa kama ni cha alumini. Tumia kulanti, yaani kile kimiminika cha rangi cha kupozea injini. Ukikosa kabisa, maji ya mvua ni afadhali kuliko ya kisima.

Injini ya dizeli isiyo na nguvu inaweza kuwa na nozeli zilizochoka au chujio la mafuta lililoziba. Ya petroli inayotetemeka inaweza kudai plagi, kabureta na kutegwa upya kwa moto. Hayo yote ni matengenezo ya siku moja au mbili. Yamalize kwanza.

Kisha soma moshi, injini ikiwa imeshapata joto:

- Moshi wa bluu: oili inaungua ndani ya silinda. Imepita kwenye ringi za pistoni au kwenye valvu.
- Moshi mweupe usiokwisha, wenye harufu ya mvuke: maji yanaingia. Mtuhumiwa wa kwanza ni gasketi ya hedi. Vuta dipstiki uangalie. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imechanganyika na maji.
- Moshi mweusi: mafuta ni mengi kuliko hewa. Angalia chujio la hewa, nozeli na pampu kabla ya kuilaumu injini.

Fungua pia kizibo cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma taratibu. Ukiweka kiganja juu ya tundu ukahisi pumzi nzito inayopiga kwa mapigo, na kiganja kikatoka na unyevu wa oili, hewa inavuja kupita ringi. Sauti ya kugonga kutoka chini, nzito, inayoongezeka ukikanyaga mafuta, ni beringi. Injini hiyo iko njiani kunoki, yaani kufa kabisa, na kila kilomita unayoiendesha inaongeza bei ya matengenezo. Izime.

Kijiko kimoja cha oili

Sasa pima kompresheni, yaani nguvu ya hewa inayobanwa ndani ya silinda. Fundi anatoa plagi zote, anafunga geji kwenye tundu la silinda ya kwanza, wewe unakanyaga mafuta mpaka chini na kupiga stata mpaka mshale wa geji usimame. Unaandika namba, mnahamia silinda inayofuata. Injini nyingi za petroli za zamani zikiwa nzima huonyesha kati ya psi 120 na 170. Psi ni kipimo cha shinikizo, kilekile cha kujazia upepo wa tairi. Dizeli hubana zaidi ya 300, kwa hiyo inahitaji geji yake. Kikubwa kuliko namba yenyewe ni ulinganifu: silinda ya chini kabisa isipishane na ya juu kabisa kwa zaidi ya asilimia 15 hivi.

Tuseme silinda ya tatu imetoa 80 wakati nyingine ziko 140. Kwa injini ya petroli, mimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi, pima tena. Namba ikipanda ghafla, oili imeziba pengo kati ya ringi na ukuta wa silinda. Ubovu uko chini, kwenye ringi au silinda. Ikibaki palepale, hewa inatokea juu, kwenye valvu au gasketi. Kipimo hiki kwenye dizeli kiachie fundi wa dizeli, maana nafasi ya juu ya pistoni ni finyu na oili haibanwi. Ikizidi inaweza kupinda mkono wa pistoni.

Tofauti ya majibu hayo mawili ni kubwa mfukoni. Ubovu wa juu unatengenezwa kwa kushusha hedi peke yake, na injini inabaki ndani ya gari.

Hedi ya injini ya petroli ikishushwa, mwulize fundi kuhusu siti za valvu, yaani vile vikalio ambavyo valvu hufungia. Petroli ya zamani ilikuwa na risasi, ambayo pamoja na mengine ilivilinda vikalio hivyo. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzo wa 2006, na mwaka 2021 dunia nzima ikaacha kuiuza kwa magari. Injini kadhaa zilizotengenezwa zama zile zina vikalio vya chuma laini, ambavyo huliwa pole pole kwa petroli ya leo. Dawa ni kuwekewa vikalio vigumu, na wakati mzuri ni hedi ikiwa tayari iko chini.

*Kwa ufupi: rekebisha vitu vidogo, soma moshi, pima kompresheni. Ubovu wa juu haujafikia swali la kubadili injini.*

Bloku na krenki ndizo zinazoamua

Ubovu ukiwa chini, injini inafunguliwa, na hapa maikromita ndiyo inayosema. Hicho ni chombo cha kupimia unene mpaka sehemu ndogo kabisa ya milimita. Fundi asiyekuwa nacho anakisia.

Kinachopimwa kwanza ni silinda. Pistoni hupanda na kushuka mpaka ukuta unalika, juu zaidi kuliko chini. Ukilika sana, silinda inachongwa iwe pana kidogo na kuwekewa pistoni kubwa zaidi, iitwayo ovasaizi. Injini ya petroli ya lita 2.25, iliyoanza kufungwa kwenye Land Rover mwaka 1958, hupatikana pistoni za ovasaizi 20 na 40, yaani elfu 20 au 40 za inchi. Ikishafika mwisho, silinda inaweza kuvalishwa silevu, bomba jipya la chuma linalorudisha kipenyo cha mwanzo.

Injini za petroli za Peugeot 404 na 504 ni rahisi zaidi hapa. Silinda zake ni silevu zinazochomolewa, maji yakizizunguka kwa nje. Unanunua seti ya silevu na pistoni zake, unabadilisha, hakuna kuchonga. Volkswagen ya mgongo wa duara nayo silinda zake hutoka moja moja. Mwenye magari haya ana sababu nzuri ya kuifikiria ovahoo kabla ya kitu kingine.

Cha pili ni krenki, yaani shafti kubwa inayogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko. Nayo huchongwa, na kila ikichongwa inavalishwa beringi nene zaidi: 10, 20, 30 mpaka 40. Uliza namba iliyofikiwa. Krenki iliyo kwenye 10 ina maisha mbele yake. Iliyo kwenye 40 imemaliza akiba. Itabidi kutafuta krenki nyingine. Kwenye Land Rover angalia pia umri: krenki za lita 2.25 zilikaa kwenye beringi kuu tatu mpaka 1980, zilipoongezwa kuwa tano. Zenye tano huvumilia zaidi, hasa kwenye dizeli.

Kazi hii ya kuchonga haifanyiki kila gereji. Injini inapelekwa kwenye karakana yenye mashine, mara nyingi Dar es Salaam, na wengi huunganisha na safari ya eneo la Gerezani, jijini humo, kutafuta vipuri. Nenda na vipimo vilivyoandikwa. Na usinunue pistoni kabla silinda haijapimwa.

Kuna injini zisizofufuka kwa gharama ya maana: bloku iliyopasuka kwenye njia za maji, au iliyotobolewa na mkono wa pistoni uliokatika. Hizi zikubaliwe kwamba zimefika mwisho.

Injini ya mtumba

Injini zilizotumika huja kwa wingi kutoka Japani na Dubai. Nyingi ni nzuri. Ila mnunuzi hajui gari lilitembea kiasi gani, lilipata oili kwa wakati au la, lilichemka mara ngapi. Injini inaoshwa, inapuliziwa rangi ya fedha, inawekwa juu ya tairi, na muuzaji anasema, "Kaka, hii haijaguswa."

Iguse wewe:

- Zungusha krenki kwa spana. Izunguke yote bila kukwama, na usikie kila silinda ikibana.
- Fungua kizibo cha oili umulike ndani. Masizi mazito meusi yaliyoganda maana yake ilinyimwa oili mpya.
- Angalia boliti za hedi. Zenye alama mpya za spana zinasema hedi imewahi kufunguliwa.
- Chungulia njia za maji. Kutu nyekundu inasema ilitembea kwa maji matupu.
- Hakikisha vifaa vyake vyote vipo: pampu, stata, jenereta, waya. Kimoja kikikosekana kinaweza kula faida yote.
- Omba iwashwe, na udai risiti ya mashine ya kielektroniki (EFD) yenye namba ya injini na dhamana ya maandishi, hata ya wiki mbili.

Injini ya ukoo mwingine

Kwenye Land Rover, majina yanayotajwa sana ni Toyota 3L ya cc 2,779, inayofahamika kwa Hiace na Hilux. Nissan TD27 ya cc 2,663. Na Toyota 1HZ yenye silinda sita na cc 4,164, iliyoanza 1990. Sababu za kuzichagua ni za msingi: dizeli hizi ni ngumu, mafundi wanazijua kwa kichwa, na vipuri vyake viko kila mji. Cuba magari ya Kimarekani ya miaka ya hamsini yamesukumwa na injini za kuazima kwa miongo mingi kwa sababu hiyohiyo ya vipuri.

Tatizo ni vitu vinavyofuata nyuma ya injini. Injini ya zamani ya lita 2.25 ilitoa nguvu farasi zisizofika 80. 1HZ hutoa karibu 130. Giaboksi, difu na hafu shafti, yaani shafti zinazotoka kwenye difu kwenda magurudumuni, vilipimwa kwa ile ya kwanza. Ekseli za kawaida za Land Rover za Series zilikuwa na sifa ya kukata hafu shafti hata kwa injini yake yenyewe. 109 za baadaye zenye ekseli ya nyuma ya Salisbury, iliyo nene zaidi, huhimili vizuri. Breki za dramu nazo hazikuongezewa nguvu siku injini ilipobadilishwa.

Kuna kufungamanisha injini na giaboksi kwa sahani maalumu inayochongwa, na ikikosea hata kidogo, klachi na beringi ya mbele ya giaboksi haidumu. Kuna mauntingi, yaani vishikizi vya injini, vinavyochomelewa upya. Kuna rejeta kubwa zaidi, bomba la moshi, na nafasi. 1HZ ni ndefu, na mara nyingi rejeta inabidi isogezwe mbele. Kuna umeme pia: baadhi ya dizeli za Land Cruiser kutoka soko la Japani zina stata ya volti 24, na gari lako lina volti 12.

Ndiyo maana kwa gari la kazi, injini ya wastani kama 3L au TD27 mara nyingi hufaa kuliko kubwa. Haivipi mzigo mkubwa vifaa vilivyo nyuma yake.

*Kwa ufupi: bei ya injini ni mwanzo wa hesabu. Uliza bei ya kila kitu kitakachoguswa.*

Gari hili ni la kazi gani?

Mwenye 109 ya mananasi anahitaji gari liwake alfajiri, libebe, lirudi, na likiharibika Msata apate kipuri Msata. Kwake dizeli ya Kijapani ina mantiki, mradi chasisi na ekseli ni nzima.

Mwenye 504 ya urithi, anayeitumia Jumapili na harusini, hana haja hiyo. Gari lake ni la jina lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na injini yake hufufuka kwa kubadilisha silevu. Kuitia injini ya Corolla ni kupoteza kinachomfanya aitunze.

Mwenye ndoto ya kuuza kwa wakusanyaji, au kuingia mashindano kama East African Safari Classic yaliyoanza 2003, afikirie mara tatu. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale lililoundwa 1966, linalihesabu gari kuwa la kihistoria likiwa na angalau miaka 30, limetunzwa katika hali sahihi ya kihistoria, na si chombo cha usafiri wa kila siku. Mkusanyaji hulipa zaidi namba za injini na chasisi zikiwa zilezile za kiwandani. Na hamu ya magari haya ipo hapahapa nchini: Oktoba 2024 tamasha la Land Rover lilijaza magari hayo barabara za Arusha.

Karatasi

Kadi ya gari ina namba ya chasisi na namba ya injini. Ukibadilisha injini, namba ya kwenye kadi inakuwa si ya gari lako. Gari likakaguliwe na polisi wa usalama barabarani, kisha taarifa zirekebishwe Mamlaka ya Mapato (TRA), ukiwa na risiti ya injini mkononi. Mjulishe na mtu wa bima. Wengi huahirisha hili mpaka siku ya kuuza, au siku ya ajali, na siku hizo mbili ndizo mbaya kuliko zote kwa kuanza kutafuta risiti.

Uamuzi kwa mistari sita

1. Chasisi imeoza: tengeneza chasisi au liachie gari hapo.
2. Ubovu uko juu: shusha hedi, usiendelee zaidi.
3. Bloku nzima, krenki bado ina akiba, vipuri vinapatikana: ovahoo.
4. Bloku imekufa, gari ni la kumbukumbu au la thamani: tafuta injini ya aina ileile.
5. Bloku imekufa, gari ni la kazi: injini ya ukoo mwingine, ya wastani, pamoja na kila kinachoifuata.
6. Hujapima: hujafika kwenye uamuzi.

Ukichagua ovahoo, kilomita 1,000 za mwanzo ni za kulaza ringi. Usiiache inaunguruma kwa muda mrefu mahali pamoja, usiibebeshe mzigo mzito, na ubadilishe mwendo mara kwa mara. Barabara ya Bagamoyo na matuta yake itakusaidia. Badili oili na chujio kabla kilomita hizo hazijaisha, kwa sababu oili ya kwanza hubeba vumbi la chuma.

Ukichagua kubadili, usiiuze injini ya zamani kwa wanunuzi wa chuma chakavu, hata kama bloku imepasuka. Hiyo ndiyo yenye namba iliyotoka nayo kiwandani, na bloku iliyopasuka kuna wanaoweza kuishona, ingawa kwa gharama kubwa. Mimina oili kwenye silinda, ziba matundu yote, ifunge turubai, iweke juu ya mbao mbali na udongo. Kazi ya gari inaweza kubadilika: leo linabeba mananasi, kesho mwanao anataka kulirudisha lilivyokuwa. Injini ikiwepo uani, ataanza na vipimo. Isipokuwepo, ataanza kwa kuitafuta, na huenda asiipate.